Kihamba, Njia ya Makaburini na Wakili wa Suluhu

Nilifundisha kwa miaka 38, na miaka 19 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Katika kazi hiyo niliamua ugomvi wa kila namna: wa kalamu zilizopotea, wa zamu ya kuteka maji, wa walimu wawili wasiosalimiana, hata wa wazazi waliokuja shuleni na fimbo mkononi. Katika Chuo cha Ualimu Marangu, nilikojifunza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu mmoja alizoea kutuambia kwamba mwalimu asiyeweza kupatanisha watoto wawili hawezi kufundisha watoto arobaini. Niliishika kauli hiyo maisha yangu yote. Kwa hiyo naona haya kukiri, msomaji mpenzi, kwamba ugomvi mkubwa kuliko wote niliokutana nao ulikuwa wangu mwenyewe, na ulinishinda. Ilinibidi kumtafuta wakili wa kunitoa humo, na wakili wa kwanza hakuwa yule niliyemhitaji.

Nitaeleza kisa hicho kwa ufupi, kisha nieleze nilichojifunza kuhusu historia ya jambo hili, maana ndani ya historia hiyo nilikuta mambo yaliyonishangaza.

Baba yetu alifariki mwaka 2011. Alituacha watoto watatu, mimi, dada yetu na mdogo wetu wa mwisho, pamoja na mama yetu mzee. Alituachia kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ambalo kwetu Uchaggani ndilo nyumba na ndilo kaburi, kwa kuwa wazee wetu huzikwa humo humo. Mimi nilikuwa na sehemu ya juu na mdogo wangu sehemu ya chini. Katikati ilipita njia ya kwenda makaburini, na kando yake mfereji wa asili tunaouita mfongo. Mwaka 2013 mdogo wangu alipanda kahawa mpya na kuzungusha ua, na ua ule ukaifunga njia. Mimi nami nilikata migomba yake minne ili nipite. Kikao cha ukoo kikaitwa, mbege ikanywewa, wazee wakasema. Kila mmoja wetu alikuja na watu wake, na kila mmoja aliondoka na hasira zaidi ya alizokuja nazo.

Mwaka 2014 nilifungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakati ule Baraza la Kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi yasiyozidi thamani ya shilingi milioni 3, na kihamba chetu kilizidi hapo. Nilimchukua wakili mwenye sifa ya kupambana. Simlaumu. Nilimwambia nataka kushinda, naye alifanya kazi niliyompa. Lakini shauri lilikwenda kama mikokoteni ya zamani. Leo mzee wa baraza hakufika, kesho wakili wa upande wa pili ameitwa Mahakama Kuu, keshokutwa mwenyekiti amehamishwa na mpya anataka kusoma jalada upya. Kila tarehe nilipanda gari, nikala mjini, nikalipa, nikarudi na karatasi yenye tarehe nyingine.

Kisha mwaka 2017 mama akafariki. Siku ya maziko njia ilikuwa bado imefungwa, kwa kuwa mawakili wote wawili walikuwa wamezishauri pande zao zisiguse kitu chochote mpaka baraza liamue. Basi jeneza la mama likapitishwa katika migomba ya jirani. Mimi nilikuwa mbele, mdogo wangu nyuma, hatukutazamana. Jioni, watu walipokwisha ondoka, dada yetu aliniambia, "Kaka, mmegombania njia ya kwenda kwa baba miaka minne, na mama amepita kwa watu." Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya arobaini ya mama, kijana mmoja niliyemfundisha darasa la sita alinieleza habari za wakili ambaye kazi yake kubwa ilikuwa suluhu. Nilikwenda kwake bila matumaini mengi. Alikuwa mwanamama wa umri wa binti yangu. Akanikaribisha, "Shikamoo Mwalimu," akaniwekea kiti, na alipokwisha kunisikiliza hakuniuliza kwanza juu ya vielelezo. Aliniuliza maswali matatu. "Mwalimu, ukishinda, utapita njia hiyo ukisindikizwa na nani? Mdogo wako naye anaogopa nini? Na ni nani mwingine aliyekula katika kihamba hicho ambaye hayumo katika shauri?"

Swali la tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Aliyekuwa amekula humo ni dada yetu. Ndoa yake ilivunjika, akarudi nyumbani, akamwuguza baba miaka sita na mama miaka mingine. Aliishi katika chumba kilichokuwa jiko la mama. Kikao cha ukoo hakikumtaja, na hati yangu ya madai haikumtaja. Mimi na mdogo wangu tulitofautiana katika kila jambo isipokuwa hilo moja, la kumsahau yeye.

Hapa niingize historia, maana mwalimu mzee hawezi kuelewa jambo mpaka ajue limetoka wapi.

Kwa watu wa kizazi changu, wakili alikuwa mtu wa mbali. Waingereza walipotunga sheria ya mahakama za wenyeji mwaka 1929, waliziweka chini ya watemi na mamangi, rufaa zikapelekwa kwa maofisa wa utawala, na mawakili wakazuiwa kusimama humo. Baada ya uhuru watemi waliondolewa mwaka 1963, na mahakama za mwanzo zikaundwa, lakini humo nako mawakili hawakuruhusiwa kwa miongo mingi. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, cha kwanza katika chuo kile, kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alimwona wakili katika kesi za mauaji au za matajiri tu. Ndiyo sababu tulipopata uwezo wa kumlipa wakili, wengi wetu tulijua aina moja tu ya uwakili, ule wa kumwangusha mtu.

Hata hivyo serikali haikuacha kutafuta njia ya mapatano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza wanandoa wapitie kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Mwaka 1985 ikatungwa sheria ya Mabaraza ya Kata. Mwaka 1994, katika wakati wa Jaji Mkuu Francis Nyalali, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai zilibadilishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 422, na tangu hapo shauri la madai lililofunguliwa Mahakama Kuu, ya Hakimu Mkazi au ya Wilaya hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Sheria za kazi za mwaka 2004 zilileta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanza kazi mwaka 2007. Sheria mpya ya usuluhishi ya mwaka 2020 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1931. Mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, yakabaki na kazi ya kupatanisha tu, na mwaka huo huo zikatolewa kanuni za kuwasajili wanaofanya kazi ya upatanishi na usuluhishi.

Nilipokuwa nikimsikiliza wakili wangu akieleza haya, nilimwuliza kama mambo haya ya suluhu hayakuletwa kutoka Marekani pamoja na mambo mengine. Alicheka. Akasema ni kweli Wamarekani walikutana mwaka 1976 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, wakilalamikia mahakama zao zilizojaa kesi, na kwamba profesa mmoja wa Harvard, Frank Sander, alipendekeza huko kwamba jengo la mahakama liwe na milango mingi, mmoja wa hukumu na mingine ya mapatano. "Lakini, Mwalimu," akasema, "uliza nao walijifunza kwa nani."

Ndipo akanieleza habari za James Gibbs, aliyeandika mwaka 1963 juu ya mabaraza ya nyumbani ya Wakpelle wa Liberia, na jinsi mwanasheria Mmarekani Richard Danzig alivyoyachukua mabaraza hayo mwaka 1973 kuwa mfano wa kuigwa katika mitaa ya miji yao. Kisha akaniazima kitabu cha Philip Gulliver. Huyu alifanya kazi Tanganyika katika miaka ya 1950 kama mtaalamu wa jamii wa serikali, akakaa na Waarusha wa Mlima Meru, majirani zetu kabisa, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1963. Mwaka 1979 alitoa kingine juu ya ugomvi na mapatano duniani, ambacho wataalamu wa fani hii wanakitegemea mpaka leo. Fikiria, msomaji. Yale yanayofundishwa vyuoni ng'ambo kama elimu mpya, sehemu yake ilichotwa mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu, kwa wazee ambao pengine baba yangu aliuziana nao ng'ombe.

Nilisoma kitabu kile polepole, kamusi mkononi. Jambo moja lilinifungua macho. Kwa Waarusha mgomvi hakwenda barazani peke yake. Alikwenda na watu wa ukoo wake au wa rika lake, na msemaji wao, laigwanani, alisimama upande wa mtu wake. Hakuwa hakimu, wala hakukaa katikati. Alimtetea mtu wake mbele za watu kwa nguvu zote, na ndiye aliyejadiliana na upande wa pili mpaka wapate neno ambalo wote wangelibeba. Nikamwelewa wakili wangu. Nilikuwa nimedhani wakili wa suluhu ni mtu laini asiye na upande. Kumbe ni mtu wako hasa, ila amekubaliwa kukwambia ukweli mlango ukiwa umefungwa.

Lakini kitabu kile kile kinaonyesha pia kwamba nguvu ya mtu katika mapatano ilitokana na wingi na uzito wa watu waliomsimamia. Mwenye wachache alipata kidogo. Nilipofika hapo nilimkumbuka tena dada yangu. Sisi wazee hupenda kusifu mabaraza ya zamani kana kwamba yalikuwa peponi. Kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila mengi ya nchi hii zilimpa binti nafasi ya mwisho, na katika ardhi ya ukoo zilimruhusu kutumia tu, si kuuza. Ilibidi mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory iliyotoka Bukoba, atamke kwamba ubaguzi huo haupatani na Katiba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hakuna kikao cha mbege kilichotufikisha huko. Basi suluhu bila sheria humwacha mnyonge pale pale alipokuwa, na sheria bila suluhu hupitisha jeneza kwa jirani.

Sasa nieleze tulivyopatana katika kazi, kwa faida ya msomaji anayefikiria kumchukua wakili wa namna hii. Kwanza alinionyesha kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili na kwamba cheti chake cha mwaka ule kilikuwa hai. Pili, aligawa ada yake mafungu mawili kwa maandishi, la mazungumzo, na jingine ambalo lingedaiwa kama tungerudi kubishana barazani. Alikataa kuahidiwa kipande cha ardhi. Tatu, aliniambia kwamba yeye hawezi kuwa wakili wangu na mpatanishi wetu kwa wakati mmoja, kwa hiyo tumtafute mtu wa katikati atakayekubaliwa na pande zote. Nne, alinieleza tofauti ya mpatanishi, ambaye hutusaidia kuafikiana na hana amri juu yetu, na mwamuzi, ambaye tukimchagua tumejifunga kwa atakaloamua. Tano, yatakayosemwa katika kutafuta amani yasichukuliwe kuwa ushahidi amani ikishindikana, na hilo liandikwe mapema.

Aliniambia pia mahali ambapo yeye mwenyewe asingeanza na mazungumzo. Kama mdogo wangu angekuwa anauza ardhi huku tukizungumza, angekimbilia zuio la baraza kwanza. Kama kungekuwa na hati ya kughushi, au mtu anapigwa na kutishwa, au watoto yatima wanaibiwa urithi, angekwenda kwenye chombo chenye amri. Nilimheshimu zaidi kwa maneno hayo.

Mtu wa katikati alikuwa hakimu mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo, ambaye sisi sote tulimwamkia. Tulikaa mara nne mwaka 2018, chini ya mparachichi wa jirani yule yule aliyetupa njia ya kumzika mama. Mdogo wangu alikuja na wakili wake. Dada yetu alikuja na msaidizi wa kisheria, kwa kuwa wakili wangu alikataa katakata kumsemea. Alisema, "Mwalimu, mimi ni wako. Siku haki yake ikigongana na yako nitakuwa nani?" Wasaidizi wa namna hiyo walikuwa wametambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka mmoja tu kabla.

Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. Mdogo wangu alitaja ile migomba minne, nami nikataja ua. Wakili wangu aliomba nafasi, akanipeleka kando, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wa darasa lako akikata migomba ya mwenzake ungemwambia nini?" Nilirudi nikasema mbele ya wote kwamba nilikosa. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo miaka mitatu ya vielelezo haikulitoa. Alikuwa akiogopa kwamba watoto wangu wasomi, wanaokaa mjini, wangekuja siku moja kuuza sehemu ya juu kwa wageni, na yeye angebaki akilinda makaburi mlangoni kwa mtu baki. Ua ule aliuweka kwa ajili ya hofu hiyo.

Makubaliano hayakuwa matamu kwangu. Njia ilirudishwa, upana wa hatua nne, na zamu za maji ya mfongo zikaandikwa kwa siku. Tulikubaliana kwamba anayetaka kuuza atawaambia kwanza wenzake. Dada yetu alipewa sehemu yake kamili chini ya mfongo, yenye mipaka, si kwa hisani ya kaka zake bali kuwa mali yake. Na sehemu ile ilitoka zaidi kwangu, maana mdogo wangu alikuwa na kidogo. Ilikuwa ardhi niliyomwekea mwanangu. Mwanangu hakunipigia simu karibu mwaka mzima. Hati ya makubaliano iliandikwa kwa Kiswahili, tukaisaini sote watatu, ikapelekwa barazani na kuingizwa kuwa uamuzi, ili asiwepo wa kuigeuza kesho kwa maneno.

Siku ya kuweka mipaka tulipanda masale. Kwetu jani la isale ni alama ya mpaka na ni alama ya kuomba msamaha, na anayepelekewa hapaswi kulikataa. Tangu utotoni niliyaona mambo hayo mawili kama matumizi mawili ya mmea mmoja. Siku ile, nikishika upande mmoja wa kamba na mdogo wangu upande wa pili, niliona kwamba wazee waliyaweka pamoja kwa makusudi.

Sisi si kama tulivyokuwa utotoni, na sitaki kumdanganya msomaji. Kuna maneno yaliyosemwa barazani ambayo yamebaki. Lakini tunasalimiana, tunakaa benchi moja msibani, na mwaka juzi mjukuu wangu alipougua usiku, gari lililompeleka hospitali lilikuwa la mdogo wangu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Niliwafundisha watoto methali hiyo miaka mingi, nikieleza kwamba mtu wa nje asijiingize katika ugomvi wa ndugu, kwa kuwa watapatana wenyewe. Siku hizi naongeza kidogo. Wapo ndugu wanaogombana mpaka msimu wa mavuno ukapita, na hao wanahitaji mtu wa nje. Ila wakati wa kumchagua, wasimtafute mwenye sauti kubwa. Wamtafute atakayewauliza ni nani mwingine aliyekula katika shamba hilo.

Dada yetu amejenga nyumba ndogo ya matofali chini ya mfongo. Jumapili baada ya ibada hupita kwangu, kisha hushuka kwa mdogo wetu, kisha huenda makaburini kupalilia. Anapita katikati, kwa ile njia ya hatua nne.